Wadau, ndege mbuai wanaopita msimu huu wa vuli mnawahesabuje? Tumeona kundi Pugu tukashindwa kuelewana namba

kijana_wa_kajiungeni

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya ndege maana hili jambo limenikaa kichwani wiki nzima.

Jumamosi iliyopita nilikuwa juu ya paa hapa Pugu Kajiungeni nafunga bomba la simtank, kama saa nne na nusu asubuhi hivi, jua limeshachoma mabati hadi ndala zinanata. Nikainua kichwa kupumzisha shingo nikaona juu ya vilima vya upande wa Kisarawe kitu kama majani makavu yanazungushwa na upepo, yanapanda tu taratibu. Mwanzo nikajua ni mwewe wetu hawa wa dampo la Kinyamwezi nikaendelea na bomba. Alafu nikashtuka, mwewe wa dampo hawapandi hadi wanakuwa vidoti, na hawa walikuwa hawapigi mabawa kabisa. Nikamwita mdogo wangu akapanda ngazi tukaanza kuhesabu. Mimi nikapata 64 yeye 110, tukarudia nikapata 81 yeye 97, na wakati bado tunabishana wale ndege wakanyooka kuelekea kusini kama wanavutwa na kamba, dakika tano tu anga tupu.

Nimesomasoma nikakuta kumbe msimu huu ambao wenzetu wa Ulaya na Asia baridi inaanza, ndege mbuai, yani tai, kozi na jamaa zao wote, wengi wanashuka kuja Afrika, na kuna watu wanakaa mlimani msimu mzima kazi yao ni kuhesabu. Batumi kule Georgia wanahesabu zaidi ya milioni moja kwa msimu mmoja. Sasa mtu anahesabu vipi milioni wakati sisi wawili hatukuelewana kwenye mia? Kuna vifaa gani? Na kwa hapa Dar sehemu nzuri ya kukaa ni ipi, Pugu au baharini? Sitaki kupiga picha za kuposti, nataka nijue wamepita wangapi.

---

mwalimu_mstaafu

Salama kijana wangu. Kwanza umefanya vizuri kuandika namba zenu zote nne, wengi wangechukua ile 110 wakaisimulia hadi ikawa 200.

Kosa lenu ni moja, mmehesabu wakati wanazunguka. Nikueleze kwanini wanazunguka alafu utaelewa pa kuhesabia. Ardhi ikipata joto hewa iliyo juu yake inapanda kama moshi wa jikoni, ndege mzito mwenye mabawa mapana anaingia humo anatandaza mabawa anapandishwa bure, akifika juu kabisa anatoka na kuteleza kilomita kadhaa kwenda mbele huku anashuka polepole mpaka akute joto lingine linalopanda. Safari yote anaifanya hivyo, anapanda anateleza anapanda anateleza, nguvu anayotumia ni kidogo sana. Ndio maana uliwaona saa nne na sio saa moja, alfajiri ardhi bado haijachemka. Na ndio maana hawa wakubwa hawapendi bahari, juu ya maji hewa haipandi namna hiyo, bora wazunguke nchi kavu hata kama njia ni ndefu. Hiyo Batumi uliyoitaja siri yake ni hiyo, upande mmoja Bahari Nyeusi upande mwingine milima ya Kaukazi, wanabanwa katikati kama magari ya Buguruni jioni. Kwahiyo kwa tai na shakivale, yule mbuai wa mabawa mapana na mkia wa duara, kaa Pugu, usihangaike na ufukweni.

Sasa kuhesabu. Ndege aliyeko kushoto sasa hivi baada ya sekunde chache yuko kulia, ukihesabu hapo unamhesabu mara mbili na mwenzie humuoni kabisa. Konda wa daladala hahesabu watu walivyobanana katikati ya gari, anahesabu mlangoni. Mlango wa hawa ndege ni kule juu wanapoacha kuzunguka na kuanza kuteleza, wanatoka kwa mstari mmoja nyuma ya mwingine, hapo ndio unawahesabu. Mwache azunguke hata robo saa, wewe subiri mlangoni.

Alafu chagua alama mbili ambazo hazihami, mfano mnara wa simu na mti mkubwa wa kwa jirani, chora mstari kichwani kati yake. Anayevuka kwenda kusini mwandike, akirudi kaskazini mtoe. Wakija wengi kwa mpigo hesabu kumi wa kwanza mmoja mmoja kwa makini, angalia hiyo kumi imechukua nafasi gani angani, kisha endelea kwa mafungu ya kumi kama mafungu ya samaki pale Feri. Hata wa milioni hawahesabu kichawi, wanafanya hivyohivyo, ila wamegawana kazi, huyu anga la mashariki, huyu magharibi, na mmoja anaandika tu.

Daftari sasa, hapa nitakuwa mkali kidogo. Andika saa uliyoanza na saa uliyomaliza, mlikuwa wangapi, mawingu, upepo unatoka wapi. Ndege 90 kwa dakika ishirini na ndege 90 kwa siku tatu ni vitu viwili tofauti kabisa, namba isiyo na saa mtu wa mwaka kesho hawezi kuilinganisha na ya kwake. Na siku ukikaa masaa matatu usione hata mmoja ANDIKA SIFURI. Watu wanaiona sifuri kama siku iliyopotea wakati ndio inayotuambia msimu umeanza lini na umekwisha lini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hawa ndege ni mali.

---

kijana_wa_kajiungeni

Mwalimu shikamoo na asante sana, hiyo ya mlangoni nimeielewa vizuri. Swali moja, mimi majina siyajui. Huku kwetu kila chenye kucha na mdomo wa kukunja ni mwewe, bibi yangu hata tai anamwita mwewe. Nikihesabu bila kujua ni nani inakubalika kweli?

---

binti_bunju

Kaka inakubalika sana, hata huko kwenye vituo vikubwa wana mstari kwenye fomu yao wa mbuai asiyetambulika, na mhesabuji mzuri anautumia kila siku. Kubahatisha jina ndio dhambi, ukiandika tai wa nyika kwasababu ulitamani awe tai wa nyika umeharibu daftari zima maana mtu mwingine hawezi kujua lipi la kweli lipi la kutamani.

Mimi nahesabu huku Bunju huu mwaka wa nne, kila Jumapili kuanzia katikati ya Oktoba mpaka Krismasi, nianze na wewe na umbo kabla ya rangi maana kwa mbali rangi zote ni nyeusi. Mkia kwanza. Mwewe wetu mkia una panda kama wa samaki na anauchezesha muda wote kushoto kulia kama usukani, huyo ukishamzoea utamtoa kwenye hesabu bila kufikiri (ingawa na yeye ana safari zake humuhumu Afrika, ila anayezunguka dampo siku nzima sio msafiri). Mkia wa duara uliofunguka kama kipepeo cha mkaa na mabawa mapana, hapo fikiria shakivale. Mabawa marefu yamenyooka kama ubao na manyoya ya mwisho yameachana kama vidole, tai. Mabawa yaliyochongoka kama mundu, mwembamba, anapiga haraka haraka, huyo kozi. Ukijua hayo manne tu unaweza kujaza fomu ukaandika "tai, aina haijulikani" na hiyo ni taarifa nzuri kabisa.

Vifaa: darubini ya 8x42 (inakuza mara 8, kioo cha mbele milimita 42) inatosha, mimi yangu nilinunua ya mtumba. Usichukue yenye namba kubwa kama 20x, mkono ukitetemeka kidogo huoni kitu. Ya kuhesabia usihangaike kuagiza nje, nenda Kariakoo nunua zile tasbihi za kidijitali za kuvaa kidoleni, bonyeza mara moja kila ndege, jicho halitoki angani. Kabla ya hapo nilikuwa natumia punje za mahindi, nahamisha toka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, nayo inafanya kazi ila kumi kumi zikija kwa kasi mkono unachelewa.

Na uangalie kaskazini, wanatokea huko, alafu mwezi huu na Desemba jua la mchana liko upande wetu wa kusini kwahiyo ukitazama kaskazini linakuwa mgongoni na ndege wanaonekana vizuri. Tahadhari tu usimfuate ndege na darubini akapita mbele ya jua, jicho halina spea.

Ila ndugu zangu mtaniruhusu nimsemee kozi wa Amur kidogo maana huyu ndio ananitoa kitandani. Hafikii hata robo kilo. Anazaliwa kule Siberia ya mashariki na kaskazini ya China, jina ni la mto Amur unaopita mpakani mwa China na Urusi, anashuka mpaka kaskazini mashariki ya India anakula ananenepa, alafu mwezi Novemba anaingia Bahari ya Hindi na kuivuka moja kwa moja kuja Afrika Mashariki, kama kilomita 3,000 za maji, hakuna pa kutua. Huyu hasubiri hewa ya moto kama tai, anapiga mabawa, na anasukumwa na upepo wa nyuma, kaskazi hilihili lililokuwa linaleta majahazi toka India na Uarabuni. Akifika anaendelea hadi Afrika Kusini. Nikiwaza wale manahodha waliokuwa wanasubiri kaskazi na huyu ndege mdogo naye anasubiri hukohuko India upepo uleule nasikia mwili unasisimka.

Mwaka jana mwisho wa Novemba ilinyesha usiku mzima, asubuhi kumbikumbi wakatoka kwenye kichuguu cha jirani kama moshi. Watoto wako chini na mabeseni ya maji, kuku wanakimbia, na juu ya mnazi kozi wanapita na kurudi. Mmoja dume alishuka hadi usawa wa paa la banda, nilimuona bila darubini: kijivu kama majivu ya jiko, miguu ya rangi ya chungwa iliyoiva, mapajani nyekundu ya kutu, na alipogeuza bawa, ndani mbele ni nyeupe pee. Alimdaka kumbikumbi kwa mguu sio kwa mdomo, akaupeleka mguu mbele akainamisha kichwa akala hukohuko anaruka, na mbawa za kumbikumbi zikadondoka zikatua kwenye beseni la mtoto. Yule mtoto akaniuliza amezirudisha? Siku hiyo niliandika kozi wa Amur 37, saa 1:10 hadi 2:45, na nusu saa nzima nilisahau kubonyeza kwahiyo nimeandika na hilo pembeni.

Watu wanasema vuli ya Wazungu sio vuli yetu, yao majani yanadondoka yetu mvua. Ni kweli, lakini kwa hawa ndege ni vuli moja, huko inawafukuza huku inawaandalia mezani.

---

mzee_wa_mbagala

Nimesoma kwa makini na nawapongeza kwa moyo huo ila niulize kwa nia njema kabisa. Mama watoto anafuga kuku, mwaka huu mwewe amebeba vifaranga kumi na moja, mchana kweupe. Kwangu mimi ndege mwenye kucha ni hasara. Sasa mtu akikaa siku nzima anahesabu, baada ya hapo nini kinafuata? Inamsaidia nani?

---

mtembeza_wageni

Mzee wangu shikamoo. Swali lako ni la haki na pole sana kwa vifaranga. Huyo ni mwewe wa hapahapa, dawa yake ni wavu juu ya banda na vifaranga kukaa ndani wiki za mwanzo. Hawa wasafiri wengi hata hawagusi kuku, kozi wa Amur ni mla wadudu, panzi, kereng'ende, kumbikumbi.

Hicho unachosema ndio walichosema Wamarekani zamani. Pale Pennsylvania mwaka 1929 serikali ya jimbo ilikuwa inalipa dola 5 kwa kila kipanga mkubwa wa aina fulani aliyeuawa, na kuna mlima ambao kila vuli watu walikuwa wanapanda na bunduki kuwapiga mbuai waliokuwa wanapita, mizoga imelala chini kwa mamia. Mama mmoja anaitwa Rosalie Edge mwaka 1934 akaukodisha ule mlima, akaweka mlinzi, bunduki zikakoma. Ndio huo Hawk Mountain. Yule mlinzi na wenzie wakaanza kuhesabu badala ya kupiga na hesabu inaendelea hadi leo, ukitoa miaka michache ya Vita vya Pili vya Dunia, kila mwaka tarehe 15 Agosti hadi 15 Desemba.

Sasa jibu la "inasaidia nini" ni hili. Baada ya vita Marekani walipulizia sana DDT, dawa ya kuua wadudu, mashambani. Wale wahesabuji mlimani wakaona tai wao wale wa kichwa cheupe wakubwa bado wanapita lakini vijana wao, ambao rangi zao ni tofauti, wanazidi kupungua mwaka hadi mwaka. Wazee wapo watoto hawapo, maana yake mayai hayaanguliwi. Ikaja kujulikana sumu ilikuwa inafanya maganda kuwa membamba, mama akilalia yai linapasuka. DDT ikapigwa marufuku kule mwaka 1972 na tai wakarudi. Bila daftari za mlimani nani angegundua? Tai mmoja mmoja akiacha kuja hakuna anayesikia kelele.

Na huyu kozi wa dada wa Bunju ana kisa chake. Mwaka 2012 pale Pangti, Nagaland, India, kwenye bwawa la Doyang, wanakijiji walikuwa wanawanasa kwa nyavu pale wanapokusanyika kwa wingi kulala, makumi ya maelfu kwa msimu, wanauzwa nyama. Picha zikasambaa dunia ikashtuka. Mwaka uliofuata wazee wa kijiji, kanisa na serikali wakakaa wakakubaliana, nyavu zikashushwa, na msimu huohuo wakawafunga baadhi vifaa vya setilaiti ndio tukaona kwa macho njia yao juu ya bahari hadi huku. Waliokuwa wawindaji wengine leo ndio walinzi. Mimi natembeza wageni miaka mingi na kila nikiwaona hawa nawafikiria wale wazee wa Pangti, walitoa kipato chao ili ndege wafike kwetu. Angalau tujue wamefika wangapi.

Huku kwetu sumu pia ipo mzee. Kwelea kwelea wakivamia mpunga na mtama wanapuliziwa dawa, fenthioni, mkulima simlaumu kabisa maana njaa haisubiri. Lakini tai na kozi wanaokula kwelea aliyelewa sumu nao wanakufa, na tai wa nyika toka mwaka 2015 yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Kama hatuna namba za miaka mingi hatuwezi hata kwenda kwa afisa yeyote tukasema wamepungua, atatuuliza kutoka wangapi, tutamjibu nini?

Kijana wa Kajiungeni pakua eBird, programu ya simu ya kuandikia ndege uliowaona, ni bure, ingiza hesabu zako na muda uliokaa, wanaouliza kuhusu ndege wa nchi hii wanaanzia humo. Daftari la karatasi nalo usiache, simu inaibiwa.

---

mzee_wa_mbagala

Marahaba kijana. Nimekuelewa, hasa hapo kwenye wazee wapo watoto hawapo. Jumapili nitakuwa natazama juu. Wavu nitauweka, na huyu mwewe wangu nitamwandika peke yake.

---

kijana_wa_kajiungeni

Nimerudi wadau, samahani nimechelewa, nilitaka nije na kitu mkononi.

Nimekaa siku sita katika wiki mbili, juu ya paa na mara mbili kule kilimani upande wa Kazimzumbwi, mimi na mdogo wangu, mmoja anahesabu mmoja anaandika tunabadilishana kila nusu saa maana shingo inauma na jicho linaanza kuona vitu. Mstari wetu ni mnara na mwembe wa mama Asha. Tasbihi ya Kariakoo tumepata elfu tano.

Siku ya pili ndio tuliona kundi tena, saa tano kasoro, na safari hii sikuhesabu wakati wanazunguka japo kidole kilikuwa kinawasha. Nikasubiri. Wakatoka kama mwalimu alivyosema, mmoja, mmoja, wawili, mmoja, mabawa wameyakunja kidogo hawapigi hata mara moja. Mimi 43 mdogo wangu 44. Tulitazamana hatukusema kitu. Mikia ya duara wengi, watatu wana vidole, nimeandika shakivale 40 kwa makadirio, tai aina haijulikani 3, na ile tofauti ya mmoja nimeiandika pia sikuifuta.

Kozi tumeona wachache tu baada ya mvua ya Alhamisi, saba, wamekaa kwenye waya wa umeme karibu na reli jioni, mmoja akiwa anajisafisha kifua. Sikuthubutu kuandika wa Amur, mwanga ulishakwisha, nimeandika kozi 7.

Ukurasa wa jana unasomeka hivi nauandika kama ulivyo: Jumapili, saa 3:30 hadi 6:30, watu wawili, mawingu mazito, upepo mdogo wa kaskazini mashariki. Wasafiri 0. Mwewe wa dampo 14. Saa 5:15 manyunyu, tulishuka dakika ishirini, hazimo kwenye hesabu.

Jumamosi tutakuwa kilimani kuanzia saa tatu. Daftari lina nafasi na mwenye darubini ya pili angetusaidia sana kwenye anga la magharibi.

---

binti_bunju

Nakuja. Nitapanda gari la Gongo la Mboto alfajiri, darubini ninayo na mihogo ya kuchemsha nitabeba. Mwalimu kama miguu inaruhusu tukupitie?

---

mwalimu_mstaafu

Inaruhusu. Kiti changu nitakileta mwenyewe, na nitachukua anga la mashariki.